Bunduki Iliyopokelewa kwa Mikono Miwili

Mwezi wa tano wa mwaka 1936, Serikali ya Kongo ya Wabeleji ilikaa, ikafikiri, ikaona kwamba watu wa Kasongo na Kabambare hawakosi kitu chochote duniani isipokuwa vibali. Barabara walikuwa nazo, kwa kuwa walizilima kwa majembe yao wenyewe. Kasho, yaani jela, walikuwa nalo, tena la bati jipya. Ndipo likatoka tangazo, likapigiliwa misumari minne kwenye mlango wa ofisi, na karani Gaston akalisoma kwa sauti mbele ya watu waliokusanywa kwa filimbi:

"Tangu leo, kila mutu mwenye bunduki, kubwa ao ndogo, nzima ao mbovu, akuwe mweusi ao mweupe, akuje kuiandikisha ku buro na apate permi. Mwenye kukutwa na bunduki bila permi atapata azabu. Serikali inawasalimia sana na kuwaombea afya njema."

Salamu za mwisho zilikuwa za Gaston mwenyewe. Tangazo la Kifaransa lilikuwa halina salamu, naye aliona kwamba sheria inayoingia mjini bila kusalimia ni sheria isiyo na malezi. Maneno "mweusi ao mweupe" yalikuwa yake pia. Kifaransa kilisema tu "mtu yeyote", jambo ambalo Gaston aliliona kavu, akalinenepesha kidogo. Gaston alikuwa karani wa daraja la kwanza, aliyefundishwa na mapadri, mwenye kaputula nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikapata makali. Miaka kumi na mmoja hakuwa amekosea hata mara moja, na hilo angekuambia ukimuuliza, na usipomuuliza angekuambia mapema zaidi.

Aliyeweka muhuri kwenye tangazo hakulisoma, kwa kuwa Kiswahili cha kuandikwa kilimuumiza macho. Huyo alikuwa Bwana Teri, yaani Mzungu msimamizi wa teritwari nzima. Watu walimwita Bwana Muhuri. Aligonga muhuri kwenye karatasi, kwenye magunia ya pamba, na siku moja ya homa aliugonga kwenye meza ya kulia chakula, mahali ambapo unaonekana mpaka leo. Zamu yake ya miaka mitatu ilikuwa inakaribia kwisha. Alibakiza siku arobaini na saba apande meli ya kwao.

Wiki moja baada ya tangazo ulifika waraka mwingine, wa mende. Serikali ilikuwa imepata habari kwamba kuna mende katika kambi za askari, ikaamuru wahesabiwe. Sarja Atumani, mtu wa sharubu na mwendo wa paredi, akapita nyumba kwa nyumba akiinua mikeka, na Gaston nyuma yake na daftari. Walipoinua mkeka wa askari Bulaimu, Gaston aliandika mistari miwili ambayo alijivunia ufupi wake: "Mende, wengi. Bunduki, moja."

Ilikuwa gobori la zamani za Waungwana, wale wafuasi wa Waarabu wa Pwani, la kushindilia baruti mdomoni. Mtutu ulifungwa kwa waya wa shaba usije ukaachana na mti. Mti ulikuwa umeliwa na mchwa upande mmoja, na nyundo ya kupigia haikuwapo tangu kabla Gaston hajazaliwa. Ndani ya mtutu buibui alikuwa ameoa na kuzaa. Sarja Atumani alilielekeza juu, akachungulia, akapiga chafya, kisha akatangaza kwamba usalama wa koloni ulikuwa hatarini.

Bulaimu alikuwa kijana mrefu, mpole, mtu wa Wamaza huko Kabambare. Alikuwa amelitumikia jeshi miaka sita, miezi kumi na siku ishirini katika miaka saba aliyoandikiwa. Kwa bahati tu, alibakiza siku arobaini, sawa na Bwana Muhuri siku hiyo. Begani mwake mchana kutwa ilining'inia bunduki ya Serikali, Mauser safi, yenye risasi tano. Hiyo haikumsumbua mtu.

Kesi ilisikilizwa asubuhi ya pili kwenye barza ya ofisi. Bwana Muhuri alikuwa mlalamikaji, akawa shahidi wa kwanza, akawa hakimu pia, na kwa sababu hiyo ushahidi wote ulipatana vizuri sana.

"Hii kitu gani?" aliuliza Bwana Muhuri.

"Mali ya dada yangu Faida, Bwana," alijibu Bulaimu.

"Hii bunduki."

"Zamani ilikuwa bunduki, Bwana. Sasa iko mali ya kuolea. Alimasi alioa dada yangu, watu yake wakaleta hii. Baba yetu alikufa, ni mimi nilipokea. Nikikataa mali, nimekataa ndoa."

"Sababu gani wewe hapana andikisha yeye?"

"Nilisikia tangazo, Bwana. Lilisema bunduki. Halikusema bibi ya watu."

Watu waliosimama uwanjani walitikisa vichwa kukubali, kwa kuwa jibu lilikuwa limenyooka. Bwana Muhuri alisema jibu hilo linaongeza kosa.

"Nisikilize basi, Bwana," Bulaimu aliomba, na sauti yake ilishuka. "Haipige. Nilipewa, sikuiba. Nilitumika muzuri, sina azabu hata moja ku kitabu changu. Nimebakisha siku makumi ine nirudie kwetu. Mama yangu amezeeka, ananingoja."

Gaston aliandika: "Mshitakiwa alisema maneno. Hayana uzito."

Hukumu ilikuwa na mafungu matatu. Fungu la kwanza, fimbo nane. Fungu la pili, miezi miwili kwenye cheni. Fungu la tatu, miaka saba ya Bulaimu ifutwe na ianze kuhesabiwa upya siku atakayotoka kasho, kwa sababu mtu hawezi kusema ameitumikia Serikali huku adui wa Serikali amelala chini ya mkeka wake. Sarja Atumani, ambaye hakuwa mtu mbaya, alisema kwamba gobori lilifika Idi iliyopita tu, na je, ile miaka sita ya mbele yake? Bwana Muhuri alifikiri, akaamua kwamba miaka hiyo sita ina hatia ya kuelekea huko.

Hukumu ililazimika kuthibitishwa Kindu, kwa wakubwa wa Bwana Muhuri, na barua ya kwenda na kurudi ilichukua wiki tatu. Bulaimu akapelekwa kasho angojee. Ilitokea kwamba askari wengine wote walikuwa Lusangi wakikagua pamba, na zamu ya kulinda kasho ilikuwa yake. Alijikamata, akajifungia, akajikabidhi ufunguo. Mauser yake aliachiwa, kwa kuwa hiyo ilikuwa inapiga.

Sasa ikabaki ile bunduki ya hatari. Kanuni zilisema kielelezo kiwekwe katika sanduku la chuma, lakini sanduku lilikuwa fupi. Stoo ilikuwa na mchwa, na mchwa walikwisha kuionja. Pale pale barzani, mbele ya watu wote, Bwana Muhuri aliichukua kutoka kwa Sarja kwa mikono miwili, akaigeuza, akaipenda kwa ule waya wa shaba.

"Nzuri sana," alisema. "Mimi napokea."

Akavuka uwanja nayo mpaka nyumbani kwake, akamkabidhi mkewe, Madame Mathilde. Naye akaipangusa kwa aproni yake, akaitundika ukutani sebuleni juu ya gramafoni, tayari kwa kupakiwa kwenda kwao kuwaonyesha ndugu.

Uwanjani alikuwapo Mzee Kassimu, baba mdogo wa Alimasi, mtu wa kanzu na maneno machache, aliyekuja kuomba ruhusa ya ngoma. Alitazama yote hayo kwa makini, kisha akamsogelea Gaston.

"Karani, amepokea?"

"Amepokea, na nimeandika."

"Kwa mikono mbili?"

"Si uliona mwenyewe?"

"Na mama ya nyumba, yeye amepokea?"

"Ameitundika."

Mzee Kassimu alinyoosha kofia yake. "Basi iko muzuri. Mwenye kupokea mali yetu ni mukwe wetu. Tumekuwa bakwe na Bula Matari, ndiyo Serikali yenyewe. Nitakwenda kuwaambia watoto."

Gaston alicheka kidogo. Hakukuwa na waraka wowote unaohusu jambo hilo, na jambo lisilo na waraka, kwa ujuzi wake, halikuweza kutokea.

Lakini lilitokea, na lilianza na kipoyi. Siku tatu baadaye Bwana Muhuri aliketi katika kiti chake cha kubebwa, akafungua gazeti, akainuliwa na wapagazi wanane kwenda kukagua daraja. Katika hao wanane, sita walikuwa ndugu zake Alimasi. Walikuwa wametoka safari Wamaza usiku uliotangulia na habari ziliwakuta sasa njiani, kipoyi begani, kwa mdomo wa mwanamke aliyekuwa anarudi mtoni. Waliposikia kwamba yule aliye mabegani mwao ndiye sasa baba mkwe wa ndugu yao, walisimama. Kwao, mtu hamgusi baba wa mke wa ndugu yake, hamtazami usoni, na akikutana naye njiani huiacha njia. Kumweka begani ni jambo ambalo hata wazee hawakuwahi kulitungia adhabu, kwa kuwa hawakufikiri kuna mtu angelifanya. Walimteremsha kwa heshima katikati ya barabara, wakaingia porini kwa heshima.

Bwana Muhuri alishusha gazeti, akaona wapagazi wawili na mbuzi wa mtu.

"Wengine iko wapi?"

"Wako mu majani, Bwana," alijibu mmoja wa wale wawili.

"Wanafanya nini mu majani?"

"Wanakuheshimu, Bwana."

Alirudi kwa miguu. Kufika nyumbani alikuta paa limeachwa nusu. Fundi wa kulitengeneza alikuwa Alimasi mwenyewe, na kila Madame Mathilde alipotoka kumpelekea maji ya kunywa, Alimasi aliruka chini upande wa pili akajificha nyuma ya pipa. Mama mkwe ni mkubwa kuliko baba mkwe katika mambo haya. Alipokosa pipa alijifunika beseni. Madame aliuliza kama ana uso wa kutisha. Akajibiwa na kina mama waliofika jioni hiyo na kuni, mchele na kuku wanne, kwamba uso wake hauna neno, ila yeye ni mukwe na mukwe hulishwa. Madame Mathilde hakuwa amepewa kitu na mtu tangu aingie Maniema. Alipokea kuku wote, akajifunza kusema "asanti, bakwe", akawa anaisema hata kwa mpishi.

Wakati huo waraka mwingine ulitoka Kindu. Huko Ubeleji mtu mmoja alikuwa ameuliza gazetini kama adhabu wanazopewa askari ni za haki, na Serikali, isiyopenda swali likae bila jibu, iliamuru kila adhabu ichunguzwe na kamisyo, yaani tume. Kamisyo ya Kasongo iliundwa saa tatu asubuhi. Mwenyekiti alikuwa Bwana Muhuri. Mjumbe wa kuiwakilisha Serikali alikuwa Bwana Muhuri, na wa kuwawakilisha wananchi, kwa kukosekana mtu mwenye nafasi, akawa yeye yule. Gaston alikuwa mwandishi. Mjadala ulikuwa mkali katika dakika ya nne, Bwana Muhuri alipojipinga mwenyewe kuhusu idadi ya fimbo, lakini alijishinda kwa hoja. Saa tatu na dakika kumi na moja kamisyo iliona kwamba adhabu ya askari Bulaimu ni ya haki, na kama ina kasoro, ni upole.

Siku hiyo hiyo Faida alifika. Alipanda ngazi za nyumba ya Bwana Teri akiwa na sufuria kichwani, mkeka kwapani na mbuzi wa kamba, akatandika barzani, akawasha moto wa mawe matatu chini ya bendera.

Gaston alitumwa kumfukuza. Alimkuta anamenya mihogo.

"Mama, hapa ni nyumba ya Serikali. Unafanya nini?"

"Nimerudi ku nyumba ya baba yangu, karani. Nimegombana na bwana yangu."

"Baba yako alikufa."

"Yule alikufa. Huyu iko ndani anakula." Faida aliendelea kumenya. "Mali yangu iko ku ukuta wa nani? Si wa huyu? Mwenye kushika mali ni baba. Hakuna mwingine."

"Umegombana na bwana yako juu ya nini?"

"Hatujagombana bado. Tutagombana nikipata nafasi. Karani, uketi nikuambie." Gaston hakuketi, kwa sababu ya kaputula, lakini aliinama. "Kama huyu ni baba yangu, Bulaimu ni mutoto wake. Baba anaweza kumupiga mutoto wake fimbo, sikatai. Lakini tangu zamani gani baba anamufungia mutoto ku kasho juu ya mali ya dada yake, na mali yenyewe ameitundika, anaitazama akila? Uende umuulize. Mimi nitangoja. Niko na mihogo."

Gaston alikwenda, hakuuliza. Sarja Atumani alipoamriwa amtoe kwa nguvu alisimama wima, akapiga saluti, akaeleza kwamba yuko tayari kupigana na Wajerumani, ila kumtoa mwanamke nyumbani kwa baba yake hakufundishwa. Usiku wa tatu mbuzi alikula kalenda ya Bwana Muhuri.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa ilipoingia simu ya maandishi kutoka Kindu: Bwana Inspekta atafika Alhamisi, ataona madaftari, kasho na silaha.

Gaston alifurahi. Alipenda ukaguzi kama wengine wanavyopenda Idi. Alishusha daftari la silaha, akalipitia mstari kwa mstari, na kwenye mstari wa mwisho akasimamisha kidole. Aliingia ofisini kwa Bwana Muhuri bila kubisha, jambo ambalo hakulifanya katika miaka kumi na mmoja.

"Bwana, nyumbani kwako kuna bunduki tatu. Vibali ni viwili."

"Ya tatu ni ile ya Bulaimu."

"Ya Bulaimu iko ukutani kwa Bwana, na si katika sanduku. Tangazo linasema mwenye kukutwa nayo." Gaston alilitandaza tangazo mezani. "Akuwe mweusi ao mweupe."

"Nani aliandika hivyo?"

"Kuna muhuri wa Bwana, hapa chini."

Bwana Muhuri alikaa. Kisha alitafuta njia, na Gaston, kwa uaminifu wake, alimsaidia kuzifunga moja moja. Kumrudishia Bulaimu? Hana kibali, kosa litarudi. Kumrudishia Mzee Kassimu? Hana kibali, tena mali ikirudi kwao ndoa imevunjika, na mwenye kuvunja atadaiwa mke mwingine, naye Bwana hana binti wa pili. Kuitupa mto Lualaba? Kupoteza kielelezo ni miaka miwili, kifungu cha tisa. Kuandika kibali leo? Kinatiwa sahihi na Inspekta.

"Nimebakiza siku ishirini na mbili, Gaston," alisema Bwana Muhuri, kwa sauti ambayo karani hakuwahi kuisikia kwake. Alifunga mlango, hakula mchana, akaandika mpaka saa kumi na moja. Alitoka na kurasa tisa za kujitetea, kwa Kifaransa kizuri mno. Jina lake hakulitaja mahali popote. Inspekta pengine asingeiona bunduki, na mtu hajitaji kabla hajatajwa. Aliandika tu "mshitakiwa".

"Piga kwa mashine, uweke ndani ya faili ya bunduki ile," aliagiza. "Inspekta akiuliza, mimi nitatoa."

Gaston aliketi kwenye mashine. Ukurasa wa kwanza ulisema kwamba chombo chenyewe hakipigi, na sheria haikukusudia mapambo. Ukurasa wa tatu ulisema mshitakiwa alikipokea kwa nia njema, na kwamba desturi za wenyeji zinastahili heshima. Ukurasa wa tano ulisema mshitakiwa ameitumikia Serikali bila doa, amebakiza siku chache tu arudi kwao, na kwamba kumfutia mtu miaka aliyokwisha kuitoa jasho ni ukatili usiostahili taifa lenye dini. Kulikuwa na mama mzee pia, anayengojea dirishani.

Hapo vidole vya Gaston vilisimama. Maneno hayo alikuwa ameyasikia barzani kwa masikio yake, kwa Kiswahili, kutoka kwa Bulaimu. Naye aliandika kwamba hayana uzito. Gaston aliona haya, haya ya kweli iliyompanda mpaka masikioni. Kisha alimaliza kurasa zote tisa bila kukosea herufi. Faili ya bunduki ile ilikuwa moja tu, namba 47, na juu ya jalada lake liliandikwa jina la Bulaimu. Alizitia humo, kama alivyoagizwa. Ilikuwa juu yake kumkumbusha Bwana kwamba jalada lina jina. Hakumkumbusha.

Bwana Inspekta alikuwa mtu mwembamba aliyekunywa maji ya moto matupu na kutaka karatasi kabla ya viti. Alipanda ngazi, akamruka mbuzi, akamwamkia Faida kwa kofia, akaketi sebuleni akaomba faili zote zilizo wazi. Gaston alimpa, na Bwana Muhuri hakuwahi kunyoosha mkono. Inspekta alifungua namba 47. Alisoma ukurasa wa kwanza haraka, wa pili polepole, na wa tano aliusoma kwa sauti, akavua miwani.

"Bwana," alimwambia Bwana Muhuri, "nimekagua teritwari kumi na nne. Sijaona msimamizi aliyemtetea askari mweusi namna hii. Tena dhidi ya hukumu yake mwenyewe. Inataka moyo."

Bwana Muhuri alifungua kinywa. Kusema kwamba utetezi si wa askari ilikuwa kusema ni wa nani, na bunduki ilikuwa nyuma ya kichwa cha Inspekta, juu ya gramafoni. Alifunga kinywa.

"Hoja zako hazijibiki," Inspekta aliendelea, akiandika. "Adhabu ya Bulaimu si ya haki. Inafutwa yote, fimbo, cheni na miaka. Apewe kibali cha gobori hilo kama mahari, wala si kama silaha. Na sasa, liko wapi?"

Ndipo Madame Mathilde, aliyekuwa anaingia na kuku wa kukaanga, alipoelekeza kwa kidole chake kizuri, akaeleza kwa furaha jinsi mumewe alivyompa zawadi hiyo, na jinsi watu walivyokuwa wema tangu hapo.

Inspekta aligeuka, akainua macho ukutani. Aliomba daftari la silaha. Aliomba tangazo. Gaston alimtafsiria mstari unaohusika, na salamu pia.

"Una la kusema?" Inspekta alimuuliza Bwana Muhuri.

Bwana Muhuri alisema chombo hakipigi.

"Hiyo imo ukurasa wa kwanza, imekwisha kutumika kwa askari. Una jingine?"

Alisema alikipokea kwa nia njema.

"Ukurasa wa tatu."

Alisema amebakiza siku ishirini. Inspekta alilaza tu mkono juu ya ukurasa wa tano. Kisha alichukua hukumu ya kwanza, ile ambayo kamisyo iliiona ni ya haki na yenye upole, akaipitia fungu kwa fungu. Fimbo hazipigwi kwa Mzungu, na juu ya hilo sheria ilikuwa wazi. Cheni ya kasho haikuwa na kipimo chake. Likabaki fungu la tatu. Inspekta alisema miaka haina rangi, akafuta zamu ya Bwana Muhuri, akaianzisha upya kuanzia Alhamisi hiyo.

Madame Mathilde hakuwa na kosa. Meli ilipofika wakati wake alikwenda kwao peke yake, akiwa na kuku wawili wa njiani.

Bulaimu alimaliza siku zake zilizobaki bila neno na mtu, akapewa kitabu chake kilichotiwa muhuri, na Faida akakunja mkeka akarudi kwa mumewe. Asubuhi ya kuondoka Bulaimu alipita mbele ya nyumba ya Bwana Teri, gobori begani, kibali mfukoni, uso umeelekea Wamaza. Gaston alikuwa amesimama pale na kaputula yake. Alitaka kumwambia askari yule neno la kuomba radhi, akalikosa, akamshikia lango. Bwana Muhuri alikuwa peke yake barzani. Alimwita.

"Bulaimu. Ile azabu, ile ya miaka kuanza tena." Alitafuta maneno. "Ninyi wote mulijua ni mubaya vile? Sababu gani hapana mutu aliniambia?"

Bulaimu alipiga saluti, ingawa haikuwa lazima tena.

"Bwana," alisema, "sisi hakuna mwenye alituuliza."